Andika na Jino

Jina lake Ilze. Ndimi zetu zikakataa,
tukamwita Hirizi, na yeye akaitika.
Alikuja Msuka kupima maji ya visima,
kila kisima akakipa namba kwa rangi ya buluu;
chetu kumi na tisa.
Nikampa chumba cha uwani,
kodi ya mwezi mbele, chumvi ya jikoni juu yangu.

Mimi ndiye niliyemuhadithia mtaani,
nyumba hadi nyumba, ungo wa mchele mapajani:
"Jana kachemsha maji, kayanywa vivyo hivyo,
hayana jani wala sukari.
Leo katoka kwenda kutembea.
Wapi? Hakuna. Kaenda, karudi.
Paka wa Shaame kavunjika mguu, kamfunga kijiti,
kamwambia pole kwa lugha ya kwao,
na paka kasikia!"
Wakacheka mpaka Time akapaliwa.
Kidogo niliongeza. Paka hakusikia chochote.

Na yeye usiku akiandika.
Taa ya sola, mbu, karatasi,
barua kwa mama yake asiyetaka simu.
Unaandika nini? nikamuuliza.
"Nyinyi," akasema. Hakusema "kuhusu nyinyi."
Kiswahili chake kilikuwa kapu lenye tundu,
na mara nyengine kilichobaki ndani ndicho hasa.

Nisomee, nikasema.
Akasoma polepole, akigeuza neno kwa neno:
"Bi Mkasi hucheka daima.
Alfajiri akienda kufunga mwani hucheka,
maji kiunoni, kama mtu asiye na deni."

Nikanyamaza.
Siku hiyo unayoisema, Hirizi,
nilikuwa na jino. Gego la chini, kushoto.
Nilikenua ili upepo wa baridi upite.
Na deni ninalo, kwa Faki wa dukani,
elfu thelathini na saba, kamuulize.
Andika na jino.

Akaandika. Akaniuliza "gego" huandikwaje.
Kisha akaweka kalamu chini:
"Na wewe, mimi unanisimuliaje?"
Hapo nikakumbuka nimeacha chungu jikoni.

Usiku mmoja wa Ramadhani, umeme umekatika,
watoto wamejaa barazani, akasema: Paukwa!
Pakawa! Kelele mpaka kuku wakaamka.
Akasema: kwetu, bahari huwa sakafu.
Baba yake alikuwa akiivuka kwa miguu, shoka begani,
akitoboa tundu, akikaa juu ya ndoo,
akivua samaki kutoka chini ya nyumba
isiyo na kuta wala mwenyewe.
Mwaka mmoja sakafu ikapasuka.

Akasita. Akatafuta neno.
Hatukumpa. Hatukujua ni lipi.

"Ndoo ilirudi," akasema.

Watoto wakapiga makofi: muongo! muongo!
Ndivyo hadithi inavyosifiwa kwetu, naye alijua, akatabasamu.
Mimi nilikuwa naangalia miguu yake.
Vidole amevikunja, hivi,
kama mtu aliyesimama juu ya kitu asichokiamini.

Ameondoka, mwaka wa tatu huu.
Namba kumi na tisa haijafutika,
ingawa maji yenyewe siku hizi hayapiki chai ya maana.
Jino nilikwenda kung'olewa Wete.
Deni la Faki, tuliache.

Zuwena, mjukuu wangu, kila akipata homa huniomba:
bibi, ile ya sakafu.
Namsimulia. Paka namwacha asikie.
Shoka nalirefusha. Baridi naiongeza, ingawa siijui;
nasema ni kama kutia mkono ndani ya friji la Faki
ukasahau kuutoa.
Lakini nikifika kwenye ndoo sitii chumvi.
Nakunja vidole vya miguu,
nangoja,
na mtoto naye, chini ya kanga, namwona
anavikunja vyake.